Jeli ya Polima Katika Visima vya Mafuta Vilivyozeeka

SWALI: Nimesoma kwamba eneo la mafuta lililozeeka huweza kuongezewa uzalishaji kwa kudungwa jeli ya polima ardhini. Ninavyofahamu, kazi ya jeli ni kuziba. Je, kitu kinachoziba kinawezaje kuleta mafuta zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba jeli huziba, ila kinachozibwa ni njia ya maji. Nguvu ya asili ya mwamba inapopungua, maji hudungwa kupitia visima maalumu ili yasukume mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Lakini mwamba haufanani kila mahali: una matabaka yanayopitisha kwa urahisi, mengine yaliyobana, na pengine nyufa zinazounganisha kisima na kisima. Maji hufuata palipo pepesi, na baada ya miaka mingi huwa yanazunguka katika njia zile zile huku mafuta yakibaki pembeni bila kuguswa, hata kisima kikafikia kutoa mapipa 95 ya maji katika kila mapipa 100.

Jeli inayotumika sana hutengenezwa kwa poliakrilamidi, aina ya polima (yaani molekuli ndefu kama minyororo), iliyoyeyushwa majini pamoja na kidogo cha asetati ya kromiamu, chumvi ya metali ya kromiamu, mchanganyiko uliobuniwa na Robert Sydansk wa kampuni ya Marathon Oil katika miaka ya 1980. Hudungwa ingali nyepesi, kwa hiyo huingia zaidi katika njia zile zile zilizozoewa na maji, kisha huko ndani kromiamu huifunga minyororo ya polima pamoja hadi igande. Maabara huupima ugumu wake kwa kupindua chupa ya kioo: jeli changa humiminika yote, ya wastani huning'inia shingoni mwa chupa kama ulimi, na iliyoiva haisogei. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya kile kigumu ni maji matupu. Mara nyingi polima yenyewe haifiki asilimia 1.

Joto na chumvi huiharibu. Mwamba ukizidi nyuzi 75 za Selsiasi na maji yake yakiwa na kalsiamu nyingi, polima ya kawaida hubadilika polepole, jeli ikanywea na kutema maji. Kwa sababu hiyo wengine, hasa nchini China, hutumia chembe za jeli zilizotengenezwa kiwandani, ambazo zikikutana na maji huvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kosa linalopoteza fedha nyingi zaidi si la kemia. Matabaka yakiwa yanapitishana maji ndani kwa ndani, jeli iliyowekwa karibu na kisima haifai kitu, kwani maji yatauzunguka mzibo hatua chache mbele na kurudi katika njia yake. Nyufa ndizo zinazotibika vizuri. Basi kabla mfuko wa kwanza wa polima haujafunguliwa, mhandisi hana budi kudunga kemikali ya kufuatilia pamoja na maji na kuhesabu muda inaochukua kutokea kisima cha pili. Ikifika baada ya siku chache badala ya miezi, kuna kila dalili kwamba maji yanapita katika ufa, na jeli ina kazi ya kufanya.