Jibu: Maisha ya chuo kikuu cha ufundi yakoje?

Ndugu, umeuliza kama chuo kikuu cha ufundi kinamwachia mwanafunzi muda wa kupumua, na kama kweli hesabu ndizo zinazoangusha wengi. Muda upo, ila mwaka wa kwanza ni mzito. Hesabu zinamwangusha zaidi anayekariri kanuni bila kujua zimetoka wapi, maana kozi za umeme na mitambo huko mbele zinarudi kwenye kalkulasi ileile, yaani hesabu za jinsi vitu vinavyobadilika.

Kwa maoni yangu, kinachokula muda kuliko vyote ni maabara. Jaribio likiisha unaanza ripoti: majedwali, grafu, makadirio ya kosa la kipimo, halafu ueleze kwa nini volti uliyopima imepungua kuliko uliyokokotoa. (Anza kwa kuuangalia ukinzani wa ndani wa betri, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme unaopita ndani yake; wengi wanausahau.) Tafadhali usinakili ripoti ya mwenzako. Uhandisi wenyewe unajifunzwa hapo, unapohangaika na namba zisizokubaliana.

Karakana ni raha tupu. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kusoma nao tangu wiki za mwanzo, na ukikwama mfuate mhadhiri mapema, usingoje mtihani ukaribie.