Re: Kwa nini E. coli hupanda ziwani maji yakionekana safi?

Ndugu, umeuliza kwa nini kipimo cha E. coli (bakteria wa kinyesi) kiliruka baada ya mvua ilhali maji yalikuwa maangavu. Uangavu hauthibitishi kwamba hakuna bakteria. Mvua kubwa husomba kinyesi cha mifugo na ndege hadi ziwani; subiri saa 24 hadi 48 kabla ya kuogelea. Upepo unaovuma kuelekea ufukweni nao hutibua tope na mchanga mbichi, ambamo bakteria hudumu wiki kadhaa wakikingwa na jua. Mwanga wa jua huwaua, hivyo sampuli ya asubuhi mara nyingi husoma juu kuliko ya alasiri: chota saa ileile kila mara. Ingia hadi kiunoni, zamisha chupa iliyotakaswa sentimita 30, iweke kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Ukitibua tope kwa miguu, utakuwa umepima tope.