Kwa Anayechagua Tahasusi ya Sayansi: Usiiache Historia Nje ya Maabara

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi wa mtaani kwetu hapa Arusha huniletea swali lilelile: mtoto amefaulu kemia na historia kwa alama zinazokaribiana, je, achukue tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au ya HGL (historia, jiografia na lugha ya Kiingereza)? Huniuliza mimi kwa kuwa kazi yangu ni kupima maji, na wengi huja wakitarajia kwamba nitataja sayansi na mazungumzo yataishia hapo. Ni kweli kwamba nikiona mtoto mwenyewe anaipenda sayansi humhimiza aichukue, lakini huambatanisha sharti ambalo mimi sikuwekewa na mtu yeyote, nikaja kulijifunza kazini mbele za watu.

Tangu nilipoingia kidato cha tano sikufungua tena kitabu cha historia wala kuandika insha ya Kiswahili. Kemia yote niliyoijua niliijua kwa Kiingereza. Mwaka 1959, katika mhadhara aliouto­a Cambridge, C. P. Snow, aliyekuwa mwanafizikia na pia mwandishi wa riwaya, alilalamika kwamba wasomi wa sayansi na wasomi wa fasihi wamekuwa makundi mawili yasiyosemezana. Kwetu sisi mgawanyiko huo huanza mapema, siku kijana anapojaza fomu ya tahasusi, na huongezewa ukuta wa pili, yaani lugha.

Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba madini ya floridi, na katika baadhi ya maeneo huyabeba kwa wingi wa kudhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidisha floridi wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa, na mtu anayeyanywa kwa miaka mingi huweza kuumia mifupa na viungo. Hayo yote niliyajua vizuri siku niliposimama kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, nikaandika ubaoni kiwango tulichokipima na kutamka kwamba maji yao si salama.

Bibi mmoja akasimama. “Mwanangu, sisi maji tunayachemsha.”

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo, ingawa lilikuwa jibu la haki kabisa. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya walikuwa wamemfundisha kwamba maji yaliyochemshwa ni maji salama, na kwa habari ya kipindupindu na homa ya matumbo walimfundisha kweli. Mimi nilikuja na neno hilohilo “salama” nikilitumia kwa jambo jingine, bila kumwonya. Moto huua vijidudu lakini hauondoi floridi; maji yanapopungua kwa mvuke, floridi yote hubaki katika maji machache zaidi. Nilijaribu kumweleza, nikajikuta nachanganya Kiingereza kila neno la tatu, na nikaona kwa macho yangu watu wakiacha kunisikiliza.

Kisha mzee mmoja akauliza swali lililonishinda kabisa: “Mnataka tuhame tena?” Lile neno “tena” sikulielewa mpaka tulipokuwa njiani kurudi mjini, mwenzangu aliyenizidi umri aliponisimulia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Kwa hiyo mgeni mwenye karatasi anaposimama mbele ya wazee wa pande hizo na kusema kwamba eneo lao lina kasoro, kabla hajamaliza sentensi wao wameshaisikia habari nyingine. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingenionyesha hilo, na bila kulijua kazi yangu ya kemia, hata ikiwa sahihi hadi desimali ya mwisho, haikuwa na faida kwa mtu.

Ndipo nilipoanza kuziangalia upya hata namba zenyewe. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu floridi hadi miligramu 4 kwa lita, kwa kuwa watu wa maeneo haya hawakuwa na chanzo kingine cha kukimbilia. Kipimo hutolewa na kemia, lakini kikomo huwekwa na watu, wakipima madhara dhidi ya kiu na umaskini, na huo ni mjadala wa uadilifu na historia. Chujio la mkaa wa mifupa nalo ni vivyo hivyo: linapunguza floridi vizuri, lakini kabla mama hajalikubali jikoni kwake atauliza ni mifupa ya mnyama gani, na mwenye dini yake ana haki ya kujibiwa kwa ukweli na kwa heshima.

Kwa kijana wa PCB, basi, ninachokuomba ni hiki: kila unapojifunza jambo kubwa la sayansi, liandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho bibi yako angekisikiliza hadi mwisho, na usichukue sampuli mahali ambapo hujauliza jina la mahali hapo na yaliyowapata watu wake. Kwa wa HGL, jifunze miligramu kwa lita ni nini, maana utaandika juu ya ardhi ambayo watu wake wanakunywa maji yake. Na mzazi asimwambie mtoto kamwe kwamba sanaa ni masomo ya walioshindwa.

Mimi nilirudi kijijini baada ya wiki chache, safari hii bila ubao. Nilimwamkia yule bibi, nikaketi jikoni kwake na kumwambia kwamba floridi ni kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi: ukiendelea kuuchemsha, chumvi haiondoki, bali mchuzi unazidi kukolea. Akanyamaza kidogo, akatazama sufuria ya maharage iliyokuwa motoni, kisha akaniuliza, “Na haya magadi tunayolainishia maharage, yanatoka ardhini vilevile. Hayana?”

Hatukuwa tumeyapima. Alinifungia kipande kwenye karatasi, nikaenda nacho maabara, na floridi ilikuwamo.