Cessna 172 yenye O-320 na mafuta yasiyo na risasi

Umeuliza kama ndege yako yenye injini ya O-320-E2D itakwama 100LL (petroli ya ndege yenye risasi) ikiondolewa. Haitakwama. Injini hiyo ya farasi 150 ina mgandamizo wa 7.0:1 tu, na iliidhinishwa tangu mwanzo kwa mafuta ya oktani 80 (oktani ni uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo). UL94, petroli ya ndege isiyo na risasi ya oktani 94, inaitosha. Wenye shida ni wale wa injini za mgandamizo mkubwa au tabo (zinazosukumiwa hewa ya ziada): bila oktani 100 mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni hutoboka. Hao ndio wanaosubiri mafuta ya oktani 100 yasiyo na risasi: G100UL (FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliiidhinisha 2022) na wenzake 100R na UL100E. Sheria ya Marekani ya 2024 inalinda upatikanaji wa 100LL hadi mwisho wa 2030, isipokuwa kiwanja cha ndege kiwe na mbadala ulioidhinishwa.

Petroli ya gari ni suala jingine. Usimimine kabla ya kupata kibali cha injini na cha bodi ya ndege pia, kisha upime ethanoli (pombe inayochanganywa kwenye petroli). Chukua mrija wa vipimo, tia maji mililita 10, ongeza petroli hadi 100, tikisa, acha itulie. Mstari wa maji ukipanda juu ya 10, kuna ethanoli: irudishe. Ethanoli huvimbisha sili za mpira na hunyonya maji, ambayo baridi ya angani huyatenga yakashuka chini ya tangi, pale pale kabureta inapovuta.

Na usichanganye aina mbili za mafuta mapya kwenye tangi moja bila idhini ya maandishi.