Upepo wa shimo jeusi, au shaba ya kigunduzi?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Nimechukua data za kamera ya pn ya XMM-Newton, darubini ya eksirei iliyo angani, za galaksi ya jirani yenye kiini hai, yaani shimo jeusi linalomeza gesi. Kwenye nishati ya 8.05 keV spektra (mng'ao uliopangwa kwa nishati) inadidimia. Nimeongeza mstari wa ufyonzaji kwenye modeli, kai-mraba (kipimo cha modeli kupishana na data) ikashuka kwa 11. Naweza kuandika kwamba nimeona upepo wa chuma wa karibu kilomita 43,000 kwa sekunde? Mandharinyuma, yaani mng'ao usio wa galaksi unaotakiwa kutolewa, nimeyachukua pembeni mwa kigunduzi.

JIBU: Marahaba. Usiandike bado. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonishtua.

Chini ya kigunduzi cha pn kuna bodi ya elektroniki yenye shaba. Chembe za angani zikiigonga, shaba hiyo hutoa eksirei za 8.05 keV. Bodi ina uwazi katikati, kwa hiyo pale ilipokaa galaksi yako mng'ao huo ni hafifu, na pembeni ni mkali. Umechukua shaba ya pembeni ukaitoa mahali ambapo haikuwapo, pengo likabaki. Ukilihesabu pengo hilo kuwa chuma kilichobakiwa na elektroni moja, ambacho kikitulia hufyonza kwenye 6.97 keV, unapata asilimia 14 ya kasi ya mwanga. Hesabu ni sahihi, upepo haupo. Umeona vumbi la kioo cha basi ukasema ni ukungu wa kilima cha Mlimwa.

Fungua picha ya pn ya 7.8 hadi 8.2 keV peke yake. Utaona pembeni kunang'aa na katikati kumefifia. Duara lako la mandharinyuma limeangukia wapi?

Hiyo 11 nayo isikulevye. Kwa vigezo viwili vya mstari, mahali ulipo na nguvu yake, wengi husoma asilimia 99.6 wakafunga kazi. Lakini hukujua kabla kwamba mstari uko 8.05, umeutafuta, tuseme kuanzia 7 hadi 10 keV, na kwa pn hizo ni kama sehemu 20 tofauti. Uwezekano wa 4 kwa 1,000, ukijaribiwa mara 20, unakuwa karibu 8 kwa 100. Jaribio la F, lile la takwimu la kulinganisha modeli mbili, pia halifai hapa. Protassov na wenzake walilieleza mwaka 2002, na bado naletewa rasimu zenye jaribio hilohilo. Tengeneza spektra bandia 1,000 zisizo na mstari, zipekue zote kama ulivyoipekua yako, kisha hesabu ngapi zimeshuka kwa 11.

Kinachoniudhi hasa ni skripti zinazozungushwa kwenye makundi ya wanafunzi: ongeza mstari, kai-mraba ishuke, ongeza mwingine. Anayewagawia anawaharibia kazi. Nimewahi kupitia rasimu yenye mistari minne ya namna hiyo. Hata mmoja haukuonekana kwenye kamera za MOS, kamera nyingine za XMM-Newton zilizokuwa zikitazama galaksi hiyohiyo saa hizohizo. Upepo wa kweli huonekana kwa zaidi ya chombo kimoja: ule wa PDS 456, kiini hai cha galaksi ya mbali, ulionekana kwa darubini za Suzaku, XMM-Newton na NuSTAR. Baadaye darubini ya XRISM, iliyorushwa Septemba 2023 na inayotenganisha nishati kwa takriban 5 eV (keV 1 ni eV 1,000), ikaukuta umegawanyika mafungu matano yenye kasi tofauti.

Wewe anza na MOS. Hazina mstari huo mkali wa shaba, na data zake unazo tayari kwenye faili ulilopakua.