Mzigo wa Geita Juu ya Mzigo wa Sengerema

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, na huu ni mwezi wangu wa pili katika ghala la mfanyabiashara wa jumla hapa Nyakato, Mwanza. Kazi yangu ni kupakia kwenye Fuso mizigo inayopelekwa madukani: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, madaftari na maji ya chupa. Nina nguvu na sichagui kazi, lakini lori ambalo wenzangu hulimaliza kwa saa moja na nusu, mimi hunichukua karibu saa tatu. Wiki iliyopita dereva alifika Sengerema akakuta mzigo wa hapo umefunikwa na mzigo wa Geita, ikabidi ashushe nusu ya lori kando ya barabara ili azifikie katoni 40 za sabuni. Aliporudi hakunigombeza, alinitazama tu, na hilo liliniuma zaidi. Msimamizi anasema nitazoea. Je, kuna utaratibu wa kujifunza kazi hii, au ni kweli kwamba huzoeleka kwa kupakia tu?
Mpakiaji Mpya, Nyakato

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Msimamizi wako amesema nusu ya ukweli. Mtu huzoea, lakini huzoea na makosa pia, na katika miaka yangu ya utunzaji wa stoo nimewaona watu waliopakia vibaya kwa miaka kumi mfululizo, tena kwa kasi kubwa.

Kwa unavyoeleza, kinachokuchelewesha si mikono. Nadhani unachukua katoni iliyo karibu nawe, unaiingiza ndani ya bodi, kisha unasimama ukiwaza uiweke wapi; halafu unarudi ghalani kutafuta nyingine, unakuta si ya duka lile, unairudisha. Huko kusimama na kurudi ndiko kunakokula ile saa moja na nusu ya ziada. Wenzako hawabebi haraka kuliko wewe, bali wamekwisha kufikiri kabla lori halijarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Anza na karatasi. Ukipewa orodha ya safari, isome kutoka chini kwenda juu, kwa sababu duka linalofikiwa mwisho ndilo linalopakiwa kwanza, ndani kabisa karibu na kibini. Kwa njia yako, lori linatoka Mwanza, linapita Usagara, linavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, linafika Sengerema, kisha Geita. Kwa hiyo Geita inaingia kwanza na Sengerema inabaki karibu na mlango wa nyuma. Usiishie kwenye majina ya miji, maana ndani ya Geita peke yake unaweza kuwa na maduka manne. Mwendee dereva na umuulize kwa adabu ataanza na lipi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni duka gani la sokoni halifikiki tena msongamano ukishaanza, na ni mwenye duka gani hafungui mapema.

Ukishajua mpangilio huo, panga mzigo sakafuni kabla ya kugusa lori. Chora kwa chaki mistari sakafuni, kila duka na eneo lake, na maeneo hayo yafuatane kama yatakavyoingia: la mwisho kushushwa liwe karibu zaidi na mlango. Hapo ndipo pa kuhesabu na kulinganisha na hati, kwenye mwanga, na wala si ndani ya bodi ambako katoni ya nyuma haionekani. Andika jina la duka kwa kalamu nene kwenye ubavu wa katoni, na unapoipanga ubavu huo utazame mlango wa nyuma. Utaona kwamba kupanga sakafuni kunachukua muda, na siku za mwanzo utadhani umejichelewesha. Vumilia wiki moja ndipo uangalie saa.

Zamani pantoni ilikuwa inawasamehe wapakiaji. Lori likiwa kwenye foleni ya kuvuka pale Kigongo, utingo alikuwa anapata muda wa kupanda juu na kurekebisha mzigo uliokaa vibaya. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 hivi zinavukwa kwa dakika chache, na kosa lililofanyika Nyakato linafika Sengerema kama lilivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawaelezwi, nalo ni pale mpangilio wa maduka unapogombana na uzito. Tuseme Sengerema wameagiza sukari nyingi na Geita wameagiza biskuti na madaftari. Ukifuata orodha kibubusa, vyepesi vyote vitakuwa mbele na sukari yote itarundikana mkiani mwa lori. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haiangalii uzito wa lori zima tu, bali inaangalia kila ekseli, yaani kila mhimili unaoshika magurudumu ya kulia na kushoto: ekseli ya usukani isizidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isizidi tani 10.

Chukua mfano wa lori la ekseli mbili ambalo likiwa tupu lina tani 6, yaani tani 3.2 zinakaa mbele na tani 2.8 nyuma, na umbali kati ya ekseli hizo ni mita 5. Unapakia tani 8, sawa na mifuko 160 ya kilo 50. Jumla ni tani 14, na kwa jumla hiyo huna kosa. Lakini ukiurundika mzigo hata kitovu cha uzito wake, yaani katikati ya uzito wote, kikawa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, tani zote 8 zitabebwa na ekseli hiyo, nayo itafika tani 10.8, na hapo dereva amekamatwa kwenye mizani kwa kosa lako. Sogeza kitovu hicho mita 1 tu kuelekea mbele: moja ya tano ya mzigo, yaani tani 1.6, inahamia ekseli ya mbele, na nyuma zinabaki tani 9.2. Lori ni lile lile na mzigo ni ule ule. Tena hata pasipo na mizani, lori lililolemewa mkiani usukani wake huwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye barabara yenye utelezi haligeuki linavyotakiwa.

Ufumbuzi ni kulaza sukari badala ya kuisimamisha. Itandaze chini kwa tabaka moja au mbili, ikianzia pale mzigo wa Geita unapoishia na kuja nyuma, na juu yake weka vitu vya Sengerema peke yake. Kama bodi la Fuso lenu linafunguka pembeni, kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa sukari inaweza kukaa katikati ya lori na ikashushiwa ubavuni bila kugusa kitu cha Geita. Kumbuka pia kwamba Sengerema wakishachukua chao, mzigo uliobaki mbele utakuwa na nafasi tupu nyuma yake, na lori likipanda mlima utateleza. Mkabidhi utingo kamba ya kutosha na umwonyeshe pa kufunga.

Kuhusu kulia na kushoto, wapakiaji wa mitumbwi pale Kirumba wangekufundisha vizuri kuliko mimi. Mmoja akiwa anapanga mzigo wa kwenda visiwani, mwingine hutazama maji yamefika wapi ubavuni mwa chombo. Nawe, lori likifika nusu, shuka, rudi hatua kumi nyuma ya mkia wake, utazame kama limelala upande. Ni afadhali kuhamisha mifuko kumi wakati huo kuliko kuhamisha mia baadaye.

Hizo nguvu unazojivunia zitunze. Mfuko ubebwe ukiwa umegusana na mwili, magoti ndiyo yakunjwe wala si mgongo, na unapogeuka geuza miguu kwanza, kwa maana kiuno kinachopinda huku kimebeba kilo 50 ndicho kinachowatoa watu kazini. Mkiwa wawili, mmoja akae ndani ya bodi akipanga na mwingine alete kwa toroli. Msipishane kwenye ubao wa kupandia. Viatu vigumu na glavu si fadhila ya mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awapatie wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

La mwisho kwako ni ombi ambalo umpelekee msimamizi: akuruhusu usafiri na lori siku moja, ukashushe mwenyewe mzigo ulioupakia mwenyewe. Ukishasimama juani Geita ukitafuta katoni moja ya madaftari chini ya madumu ya mafuta, huku mwenye duka akikuangalia, utapakia tofauti kesho yake. Yule dereva aliyekutazama kimya naamini atakubali kukupa kiti.

SWALI: Nafanya kazi kwenye ghala Magu. Huwa naweka katoni nzito chini na nyepesi juu kama nilivyoelekezwa, na nazipanga kwa kupishanisha kama matofali ili zisianguke, lakini za chini bado hupondeka. Kosa langu ni lipi?
Msomaji, Magu

JIBU: Kosa ni hayo matofali. Nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake nne na kuta zake, wala haiko katikati ya kifuniko. Ukizipishanisha, pembe ya katoni ya juu inakalia katikati ya katoni ya chini, mahali palipo dhaifu, na kifuniko kinabonyea. Katoni za ukubwa mmoja zipange wima, pembe juu ya pembe, kisha upishanishe tabaka la juu kabisa peke yake ili kuzifunga pamoja. Mifuko na viroba ndivyo vinavyotaka kupishanishwa, kwa sababu havina pembe za kubeba uzito na vikipangwa wima huteleza. Nadhani aliyekufundisha alitokea kwenye saruji.

Tazama pia alama zilizochapwa kwenye katoni: mishale inaonyesha upande wa juu, na nyingine huwa na namba ya tabaka zinazoruhusiwa. Nafasi zinazobaki kati ya safu zizibe kwa katoni tupu zilizokunjwa au magunia, kwa kuwa katoni yenye nafasi ya kucheza hupondeka njiani hata kama haina kitu juu yake. Tena msiziache zikilala juu ya sakafu ya saruji wakati wa mvua, maana karatasi hunyonya unyevu, na katoni iliyolala kwenye unyevu hulegea kabla hata haijapakiwa. Ziwekeni juu ya paleti, na kama hakuna paleti, mbao mbili tatu zinatosha.

SWALI: Lori letu likitoka kupeleka bidhaa hupitia Mwaloni kuchukua magunia ya dagaa, na wakati mwingine tunaambiwa tupakie unga na biskuti juu ya gunia moja au mawili yaliyobaki. Je, tukifunika kwa turubai inatosha?
Wapakiaji Wawili, Igoma

JIBU: Haitoshi. Turubai huzuia maji, lakini harufu hupenya, na unga, majani ya chai na biskuti hushika harufu upesi sana. Hata sabuni ya unga isikae karibu navyo. Bodi lifagiliwe, lioshwe, liachwe wazi juani hadi likauke, ndipo vyakula viingie. Ikiwa msimamizi anasisitiza gunia hilo lisafiri na biskuti, mwombeni kwa heshima aliandike agizo hilo kwenye hati ya safari na aweke sahihi yake. Mara nyingi kalamu ikishashikwa, gunia hupata lori jingine.