Kabla ya kusoma kitabu cha Napier, tafuta mkasi

Nilipoanza kuvutiwa na vyombo vya kale vya kukokotolea hesabu, nilishika kwanza kijitabu cha Galileo, mwanasayansi wa Italia, cha mwaka 1606 kuhusu bikari yake ya hesabu, yaani chombo cha miguu miwili iliyochorwa vipimo vya kukokotolea. Nilihangaika nacho wiki mbili, nikatoka kapa. Sababu niliijua baadaye: Galileo alichapa nakala 60 tu kule Padua, na kwa makusudi hakuweka mchoro wa bikari yenyewe, watu wasije wakaiiga. Alikuwa akimwandikia mtu ambaye tayari anayo mkononi. Na hofu yake haikuwa ya bure, maana mwaka uliofuata Baldassarre Capra alitoa kitabu cha Kilatini akijidai chombo ni chake, hadi akahukumiwa na nakala zake zikakamatwa.

Kwa hiyo, kama nawe unataka kuingia huku, anza na John Napier, mwanahisabati wa Scotland. Kitabu chake, Rabdologiae, kilichapwa Edinburgh mwaka 1617, mwaka aliofariki, na humo anaeleza wazi namna ya kuvitengeneza vijiti vyake vya kuzidishia. Kipo pia kwa Kiingereza tangu 1990. Ila usikisome mikono mitupu. Kata boksi kwanza.

Mimi na binti yangu tulitumia boksi la sabuni. Kila kijiti kina tarakimu juu, na chini yake tebo yake mpaka mara 9, kila jibu kwenye mraba wake. Mraba unakatwa kwa mshazari: makumi yanakaa juu kushoto, mamoja chini kulia. Mshazari uanzie pembe ya juu kulia ushuke hadi ya chini kushoto. Mara ya kwanza niliuchora kinyume, vijiti kumi vyote, na majibu yakawa ovyo. Tulirudia kazi nzima.

Sasa zidisha 478 kwa 9. Panga kijiti cha 4, cha 7 na cha 8, uende safu ya 9: utakuta 36, 63, 72. Soma kutoka kulia, ukijumlisha tarakimu zilizo kwenye mshazari mmoja. Kwanza 2. Kisha 7 na 3 ni 10, andika 0, beba 1. Kisha 6 na 6 na ile 1 ni 13, andika 3, beba 1. Mwisho 3 na 1 ni 4. Jibu ni 4302, na hukuhitaji tebo yoyote kichwani.

Anza na hesabu yenye kubeba kama hiyo, hata kama ni ngumu kidogo. Ukizoea zile nyepesi utadhani vijiti vinafanya kila kitu, kumbe kujumlisha na kubeba bado ni kwako. Pengo hilo ndilo Mjerumani Wilhelm Schickard alilotaka kuliziba mwaka 1623 kwa mashine yake ya hesabu, alipozifunga tebo za Napier kwenye silinda zinazozunguka na kuweka chini yake magurudumu ya meno yanayobeba yenyewe. Nilikuwa nimesoma habari zake mara nyingi bila kunigusa. Siku binti yangu aliposahau kubeba 1 kwa mara ya tatu, ndipo nikayaelewa yale magurudumu.